Tabia njema: Kigezo kinachoamua nani apewe uraia wa nchi nyingine

MKENYA aliyeishi ughaibuni kwa miaka mingi, akafanya kazi, akalipa ushuru na kulea watoto, huweza kudhani kwamba kilichobaki kabla ya kupewa uraia wa nchi hiyo ni kujaza fomu, kufanya mtihani mfupi na kula kiapo. Lakini kuna sharti moja ambalo huwaangusha wengi waliofaulu mtihani huo bila shida. Sharti lenyewe ni kuthibitisha kwamba yeye ni mtu wa tabia njema.

Maneno hayo mawili yana uzito mkubwa kuliko yanavyosikika. Nchini Marekani, mwenye kibali cha kuishi daima, maarufu kama grini kadi, hawezi kumwombea mama au baba yake ruhusa ya kuhamia huko hadi awe raia. Mtoto wake aliye chini ya umri wa miaka 18, anayeishi naye na kuwa na kibali kama hicho, huwa raia pindi mzazi anapoapishwa. Ombi la mzazi likikataliwa, mtoto naye husubiri.

Kuna hatari kubwa zaidi. Anayeomba uraia hufungua mwenyewe faili ya maisha yake mbele ya serikali. Afisa akigundua humo kosa ambalo kisheria humfanya mgeni astahili kufukuzwa nchini, ombi lililokusudiwa kumpa mtu pasipoti mpya huweza kuwa mwanzo wa kesi ya kumrejesha kwao.

Makala haya yanaeleza maana ya tabia njema katika sheria za Marekani na Uingereza, nchi mbili zenye Wakenya wengi, na jinsi Kenya yenyewe inavyowapima wageni wanaotaka kuwa raia wake.

Sharti la tangu 1790

Sharti hili si jipya. Sheria ya kwanza ya uraia ya Marekani, iliyopitishwa mwaka wa 1790, ilimtaka mwombaji awe ameishi nchini humo kwa miaka miwili na athibitishe mbele ya mahakama kwamba alikuwa mtu wa tabia njema. Sheria hiyo hiyo iliwafungia nje watu wote wasiokuwa weupe, jambo linaloonyesha kwamba tangu mwanzo suala la nani ni mwema na nani anafaa liliamuliwa na wenye mamlaka wa wakati huo. Mwaka wa 1795 muda wa kuishi uliongezwa hadi miaka mitano.

Leo sheria inayotawala suala hili ni ile ya Uhamiaji na Uraia ya mwaka wa 1952, pamoja na marekebisho yake. Mwombaji wa kawaida sharti awe amekaa na grini kadi kwa miaka mitano. Aliyeolewa na raia wa Marekani au kumwoa, na akaishi naye katika ndoa, hutakiwa miaka mitatu. Tabia njema huchunguzwa hasa katika kipindi hicho, na huendelea kuchunguzwa hadi siku ya kiapo. Hata hivyo, sheria inampa afisa uhuru wa kutazama nyuma zaidi iwapo mambo ya kale yanasaidia kueleza mwenendo wa sasa.

Kesi moja ya zamani inaonyesha jinsi hesabu ya muda inavyoweza kuamua jambo zito. Louis Repouille, mkazi wa New York, alimuua kwa dawa ya klorofomu mwanawe wa miaka 13 aliyekuwa na ulemavu mkubwa wa akili na mwili. Hayo yalitokea tarehe 12 Oktoba, 1939. Mahakama ilimpata na hatia ya kuua bila kukusudia, ikamhurumia na kumwacha huru chini ya uangalizi. Alipeleka ombi la uraia tarehe 22 Septemba, 1944, siku 20 kabla ya miaka mitano kutimia tangu kifo hicho.

Mwaka wa 1947 Mahakama ya Rufaa ilimkatalia. Majaji walitambua kwamba alikuwa baba mwema kwa watoto wake wengine wanne, lakini wakasema kipimo ni dhamiri ya jamii kwa jumla, na kwamba hawakuweza kusema kwa uhakika kuwa jamii ingekikubali kitendo chake. Waliongeza kuwa, kwa kuwa muda ulikuwa umepita, angeweza kuomba upya. Angalisubiri majuma matatu, kitendo kile kingalikuwa nje ya kipindi kilichochunguzwa.

Makosa yanayofunga mlango

Sheria ya Marekani haielezi tabia njema ni nini. Badala yake inaorodhesha mambo yanayomfanya mtu ahesabiwe kuwa hana tabia hiyo.

Kundi la kwanza ni la makosa yanayofunga mlango daima. Aliyepatikana na hatia ya mauaji hawezi kuwa raia, hata kama miaka 40 imepita. Ndivyo ilivyo pia kwa aliyehukumiwa tarehe 29 Novemba, 1990 au baadaye kwa makosa ambayo sheria ya uhamiaji inayaita mazito. Miongoni mwayo ni ubakaji, ulanguzi wa dawa za kulevya, ulaghai uliosababisha hasara inayozidi dola 10,000, na wizi au vitendo vya nguvu vilivyoadhibiwa kwa kifungo cha mwaka mmoja au zaidi.

Hapa pana mtego unaowanasa wengi. Kosa ambalo mahakama ya jimbo inaliita dogo huweza kuhesabiwa kuwa zito na sheria ya uhamiaji. Aidha, kifungo kilichosimamishwa huhesabiwa kana kwamba kilitumikiwa. Mtu aliyeambiwa na wakili wake, "Kubali kosa, hutalala jela hata siku moja," huenda siku hiyo alipoteza uraia wake wa baadaye bila kujua. Ndiyo sababu mgeni anayekabiliwa na kesi ya jinai hushauriwa amwone wakili wa uhamiaji kabla ya kukubali kosa lolote.

Kundi la pili ni la makosa yanayomzuia mtu kwa muda, yaani yakitendwa ndani ya kipindi kinachochunguzwa. Humo mna wizi, ulaghai na makosa mengine yanayohesabiwa kuwa ya aibu kimaadili; kukaa gerezani kwa jumla ya siku 180 au zaidi kufuatia hukumu; kujipatia riziki hasa kwa kamari iliyo haramu; na ulevi wa kupindukia. Mtu ambaye bado anatumikia kifungo cha nje chini ya uangalizi wa maafisa wa probesheni hawezi kupewa uraia mpaka kipindi hicho kiishe.

Kuendesha gari mtu akiwa mlevi kunastahili kutajwa peke yake. Kosa moja halimnyimi mtu uraia papo hapo, ingawa litaulizwa. Lakini tangu uamuzi wa Mwanasheria Mkuu wa Marekani wa mwaka wa 2019, aliyepatikana na hatia mara mbili au zaidi ndani ya kipindi kinachochunguzwa huchukuliwa kuwa hana tabia njema. Ni juu yake kuleta ushahidi wa kupinga dhana hiyo, na kueleza tu kwamba ameacha pombe hakutoshi.

Bangi nayo imewaponza watu wasiodhani kwamba walikuwa wakivunja sheria. Katika majimbo kama Colorado na California, watu wazima wanaruhusiwa kununua bangi dukani. Hata hivyo, uraia hutolewa na serikali ya shirikisho, na sheria ya shirikisho huihesabu bangi kuwa dawa inayodhibitiwa. Mwongozo uliotolewa mwaka wa 2019 ulisema wazi kwamba kuitumia, au hata kufanya kazi katika biashara yake, kunaweza kumnyima mtu uraia ingawa jimbo limeihalalisha. Sheria inasamehe kosa moja tu la kupatikana na bangi isiyozidi gramu 30 kwa matumizi ya mtu mwenyewe.

Uongo huponza kuliko kosa

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Katika ofisi za uhamiaji msemo huo una nguvu ya sheria. Anayetoa ushahidi wa uongo chini ya kiapo kwa nia ya kujipatia manufaa ya uhamiaji huhesabiwa kuwa hana tabia njema, hata kama jambo alilolidanganyia lisingemdhuru kamwe. Mahakama ya Juu ya Marekani ililieleza hilo katika kesi ya Kungys ya mwaka wa 1988.

Fomu ya kuomba uraia, inayojulikana kama N-400, inamuuliza mwombaji iwapo amewahi kukamatwa, kuzuiliwa au kushtakiwa popote duniani. Neno "kuwahi" halina mpaka wa miaka. Linahusu kukamatwa Nairobi kabla ya kusafiri, kesi iliyofutwa, na rekodi ambayo mahakama iliamuru ifungwe. Alama za vidole za mwombaji huchukuliwa, kwa hivyo mara nyingi afisa huwa amekwisha kulijua jibu kabla ya kuuliza. Aliyekamatwa kwa ugomvi wa kilabuni miaka 12 iliyopita na kuachiliwa anaweza kupewa uraia akisema ukweli. Akikana, anakataliwa kwa uongo wa leo.

Uongo wa zamani nao hufufuka. Ndoa ya kubuni iliyofungwa kwa ajili ya grini kadi, majina tofauti katika hati tofauti, au mke aliyeachwa Kenya bila kutajwa katika fomu za kwanza, ni mambo yanayojitokeza faili zinapolinganishwa. Hata baada ya kiapo mtu hayuko salama kabisa. Uraia uliopatikana kwa kuficha jambo lenye uzito unaweza kufutwa na mahakama, na katika kesi za madai hakuna ukomo wa miaka ya kufungua shauri hilo.

Mambo ya nyumbani

Tabia njema haihusu polisi peke yake. Mzazi anayekataa kwa makusudi kuwalisha wanawe wanaomtegemea huhesabiwa kuwa na upungufu wa tabia. Kanuni zinataja pia uzinzi uliovunja ndoa iliyokuwapo, isipokuwa kuwe na sababu za kumtetea mhusika.

Ushuru ni jambo jingine. Afisa huweza kudai hati za ushuru za kipindi chote kinachochunguzwa. Anayedaiwa hakatazwi kuomba, lakini anatarajiwa kuonyesha kwamba amefikia makubaliano na mamlaka ya ushuru na analipa. Asiyewasilisha hesabu zake kabisa, au aliyejiandikisha kuwa hajaoa ilhali ana mke, yuko katika hali mbaya zaidi. Wanaume walioishi Marekani kabla ya kutimiza umri wa miaka 26 huulizwa pia iwapo walijiandikisha katika daftari la wanaoweza kuitwa jeshini.

Kura ndiyo mtego mkubwa. Katika majimbo mengi, mtu anayechukua leseni ya kuendesha gari huulizwa papo hapo kama angependa kuandikishwa kuwa mpiga kura. Mgeni anayetia alama bila kusoma huwa amedai kuwa raia kabla ya kuwa raia. Akipiga kura katika uchaguzi wa kitaifa, ametenda kosa la jinai.

Masharti yalikazwa 2025

Kwa miaka mingi, aliyekuwa hana makosa katika orodha ya sheria alihesabiwa kuwa na tabia njema. Agosti 2025 Idara ya Uraia na Uhamiaji ya Marekani (USCIS) iliwaagiza maafisa wake wasitosheke na hilo. Walitakiwa kupima maisha yote ya mwombaji: mchango wake katika jamii, jinsi anavyotunza familia, elimu yake, kazi halali, muda aliokaa nchini na ulipaji wa ushuru. Makosa ya barabarani yanayorudiwarudiwa yalitajwa miongoni mwa mambo yanayoweza kuhesabiwa dhidi ya mtu. Mwezi huo huo idara hiyo ilitangaza kurejesha uchunguzi wa kuwahoji majirani na wafanyakazi wenzake mwombaji, utaratibu uliokuwa umeachwa tangu 1991.

Waswahili husema chema chajiuza. Kwa maagizo hayo, sasa chema sharti kipelekewe ushahidi. Barua ya kanisa au msikiti, ya mwajiri, ya shule ya watoto au ya chama cha Wakenya mjini huweza kusaidia, mradi iandikwe na mtu anayemfahamu mwombaji kweli na inayotaja mambo mahsusi.

Anayekataliwa ana siku 30 za kuomba kusikizwa upya na afisa mwingine, na baada ya hapo anaweza kwenda mahakamani. Vilevile anaweza kusubiri kipindi kipite kisha akaomba tena, ila atalipa ada upya. Ada iliyowekwa Aprili 2024 ilikuwa dola 760 kwa fomu ya karatasi na dola 710 kwa ombi la mtandaoni.

Uingereza: Waziri ndiye mpimaji

Nchini Uingereza, Sheria ya Uraia ya mwaka wa 1981 inamtaka mwombaji awe na tabia njema lakini haisemi tabia hiyo ni nini. Kazi ya kupima ni ya Waziri wa Masuala ya Ndani, kupitia mwongozo ambao hubadilishwa mara kwa mara. Sharti hili huwahusu hata watoto, kuanzia umri wa miaka 10.

Kwa mwongozo ulioanza Julai 2023, aliyefungwa jela kwa miezi 12 au zaidi hukataliwa kwa kawaida, hata kama kifungo hicho kilikuwa miaka mingi iliyopita. Adhabu ndogo zaidi hupimwa pamoja na mambo mengine. Aliyeidanganya serikali katika maombi yake ndani ya miaka 10 iliyotangulia hukataliwa kwa kawaida. Madeni yaliyotelekezwa, kufilisika kwa uzembe na ulaghai wa misaada ya serikali pia huhesabiwa.

Badiliko lililozua mjadala mkubwa lilianza tarehe 10 Februari, 2025. Tangu siku hiyo, aliyeingia Uingereza kinyume cha sheria kwa kawaida hukataliwa uraia, bila kujali ni miaka mingapi imepita. Awali kosa hilo lilikuwa likisahaulika baada ya miaka 10. Watetezi wa wakimbizi wamelipinga, wakisema mtu anayekimbia vita hana nafasi ya kutafuta viza kwanza.

Kwamba utajiri haununui sifa hii kulidhihirika kwa Mohamed Al-Fayed, mfanyabiashara mzaliwa wa Misri aliyemiliki duka maarufu la Harrods. Yeye na nduguye Ali walikataliwa uraia mwaka wa 1995 bila kupewa sababu. Mnamo 1996 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba, ijapokuwa sheria haikumlazimu waziri kutoa sababu, haki ilimtaka awaeleze kilichomtia shaka ili waweze kujitetea. Al-Fayed alikataliwa tena mwaka wa 1999, na alifariki mwaka wa 2023 bila kuwa raia wa Uingereza. Hata hivyo, uamuzi ule uliwafaa wengi wasiokuwa na mali, kwani uliwapa waombaji haki ya kujua wanachoshukiwa.

Kenya inavyowapima wageni

Katiba ya Kenya ya zamani nayo ilimtaka mgeni anayeomba uraia awe mtu wa tabia njema na ajue Kiswahili vya kutosha. Neno hilo halikufafanuliwa, na uamuzi ulibaki mikononi mwa waziri.

Katiba ya 2010 na Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 ziliweka vipimo vinavyoweza kuhesabika. Mgeni aliyeishi nchini kihalali kwa miaka saba mfululizo anaweza kuomba uraia ikiwa hajawahi kuhukumiwa kifungo cha miaka mitatu au zaidi, anaelewa haki na wajibu wa raia, anazungumza Kiswahili au lugha nyingine ya humu nchini, na ana mchango katika maendeleo ya taifa. Aliyeoana na Mkenya kwa miaka saba ana haki ya kusajiliwa, lakini naye asiwe amefungwa kwa kiwango hicho wala kutangazwa kuwa mhamiaji aliyepigwa marufuku. Kwa ukaaji wa kudumu, mume au mke wa Mkenya anaweza kuomba baada ya miaka mitatu ya ndoa. Mwenye vibali vya kazi kwa miaka saba anaweza pia kuomba, mradi awe ameishi nchini mfululizo miaka mitatu ya mwisho.

Uraia wa kusajiliwa unaweza kufutwa ikiwa ulipatikana kwa ulaghai, au iwapo mhusika atahukumiwa kifungo cha miaka mitatu au zaidi ndani ya miaka mitano baada ya kusajiliwa.

Tanzania, kwa upande wake, imeyabakiza maneno "tabia njema" katika Sheria yake ya Uraia ya 1995, na raia mzima haruhusiwi kuwa na uraia wa nchi mbili.

Ya kufanya kabla ya kuomba

Mkenya anayejiandaa kuomba uraia ughaibuni anashauriwa kuyafanya mambo yafuatayo kabla ya kulipa ada.

Kwanza, akusanye nakala rasmi za kila kesi aliyowahi kuwa nayo, zikiwemo zilizofutwa. Kwa mambo ya nyumbani, cheti cha tabia njema kinachotolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI) huombwa kupitia mtandao wa eCitizen, kisha alama za vidole huchukuliwa.

Pili, asome upya fomu alizojaza miaka iliyopita, kuanzia ile ya viza ya kwanza, na kuhakikisha kwamba majibu ya sasa yanalingana nazo. Palipo na tofauti, aieleze mwenyewe kabla ya kuulizwa.

Tatu, amalize madeni ya ushuru na ya malezi ya watoto, au awe na makubaliano ya maandishi ya kuyalipa.

Nne, ikiwa amewahi kukamatwa au kushtakiwa, amwone wakili wa uhamiaji aliyesajiliwa, si mjuzi wa mtaani. Wakati mwingine ushauri bora atakaopewa ni kusubiri mwaka mmoja zaidi, au kutoomba kabisa na kuendelea kuishi na kibali alicho nacho.

Mwisho, akishaapishwa, asisahau wajibu wake nyumbani. Tangu 2010 Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua mwingine, lakini sheria ya 2011 inamtaka aiarifu serikali ya Kenya ndani ya miezi mitatu. Kutofanya hivyo ni kosa.